Aliyeshika Funguo

Nyumba ya Hifadhi
19 Machi

Da'Mkubwa wangu,

Salamu nyingi. Ni mimi, Chiriku. Najua uliwahi kusema naandika kama kuku aliyekanyaga wino, lakini vumilia. Barua hii inaletwa na mwalimu wa cherehani. Huku kwetu anafundisha Jumanne, huko gerezani anafundisha Alhamisi. Alipotuambia kuna mahabusu mmoja mrefu, mwenye mwanya, anayewachekesha hadi askari jela, nikajua ni wewe, hakuna mwingine. Amekubali kutubebea barua kwa sharti moja: tuandikiane habari za afya na salamu, kesi tusiiguse.

Mimi mzima. Wote tuliotolewa siku ile tupo hapa, isipokuwa wewe. Mlango wa bweni haufungwi, na bado naamka kwenda kujaribu kitasa. Kuna mama mlezi mwenye sauti kama tarumbeta na moyo laini. Kuna mshauri anayetutaka tuchore hisia zetu. Nilichora sufuria. Akaniuliza ina maana gani, nikamwambia maana yake nina njaa.

Siku ile hainitoki. Ulikuwa unaanika mashuka uani, mimi nakushikia vibanio, mara geti likafunguka na polisi wakajaa kama siafu. Yule Inspekta wa kike anasema, "Msiogope, tumekuja kuwatoa." Nikakushika mkono, nikakwambia tumetoka, dada. Halafu kituoni, pale koridoni, akauliza nani anakaa na funguo za nyumba. Ungenyamaza. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angekutaja. Lakini ulinyoosha mkono kama mwanafunzi, wakakuhamishia upande wa pili wa korido pamoja na washtakiwa, mimi nikabaki huku na wahanga. Nimemwambia Inspekta kwamba hata wewe ulidanganywa kazi ya hoteli kama mimi, tena miaka mingi kabla yangu. Akaandika. Sijui aliandika nini.

Haya, kesi nimeshaigusa. Mwalimu anisamehe.

Unakula? Mgongo unaendeleaje?

Mdogo wako,
Chiriku

*

Gereza la Wanawake, upande wa mahabusu
2 Aprili

Chiriku,

Barua nimeipata. Kuku wako anazidi kulewa, lakini nimemsoma hadi mwisho.

Sijambo. Chakula kipo, mgongo upo, havielewani ila vyote vipo. Humu ndani kila utakayemuuliza atakuambia hana kosa, kwa hiyo mimi ninayesema ninalo nimekuwa kivutio. Nyapara wetu ni mama aliyemmwagia mumewe maji ya moto, naye ndiye mpole kuliko wote. Ananiwekea nafasi karibu na dirisha.

Najua unataka kujua kwa nini nilinyoosha mkono. Funguo zilikuwa kiunoni kwangu, zinalia kila nikivuta pumzi. Ningezificha wapi? Wewe sema uliyoyaona. Ukiulizwa kuhusu mimi, usinipambe. Anayepambwa sana ni maiti.

Jifunze cherehani. Nakujua, una haraka, utataka kudarizi maua kabla hujajua kupiga pindo. Anza na mshono ulionyooka.

Mama mlezi mpe shikamoo yangu. Na hao wadogo wengine, yule anayelia usingizini mlaze ubavu, anatulia.

Dada yako

*

Nyumba ya Hifadhi
7 Mei

Da'Mkubwa,

Leo sikuandikii habari za afya. Mwalimu akiifungua barua hii, basi na anisome.

Inspekta alikuja akiwa amevaa kiraia, pamoja na afisa wa ustawi wa jamii. Tulikaa jikoni, akamenya viazi na sisi huku anazungumza. Anasema nyumba imepangishwa kwa jina lako, simu zote ni kwa jina lako, na Mjomba hayupo popote. Akaniuliza, "Huyo Mjomba, ni mjomba wa nani?" Nikamwambia sijui, tulipofika tuliambiwa tumwite hivyo. Akatingisha kichwa, akasema, "Mjomba asiye na dada wala mpwa."

Sisi tunaijua kofia yake na harufu ya manukato yake tu. Wewe peke yako ndiye unayejua jina alilopewa na wazazi wake, na kwao ni wapi. Inspekta anasema ukilitaja, wakili wa serikali atakuhamisha, utakuwa shahidi badala ya mshtakiwa. Nilimrudishia maneno yake mara mbili ili nisije nikakosea. Alisema, "Atatoka kwa mlango uleule uliotokea wewe."

Kwa hiyo sema, dada. Neno moja tu. Nimeshamwomba mama mlezi kitanda cha chini kwa ajili ya mgongo wako, na amekubali.

Chiriku

*

Gereza la Wanawake
16 Mei

Chiriku,

Mwalimu alitukataza kuandika habari za kesi, na alikuwa na akili kuliko sisi.

Nyumba ilikuwa yangu. Wasichana walikuwa wangu. Hicho kitanda wampe mwingine.

Ukiniandikia tena jambo hili, sitajibu. Kula vizuri.

Dada yako

*

Nyumba ya Hifadhi
30 Julai

Dada,

Sijui kama nastahili kukuita hivyo, wala kama wewe unastahili kuitwa.

Jana nilipanda kizimbani nikiwa nimepanga kukutetea. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nilitaka kuwaambia ulivyokuwa unatupunguzia wateja kwa kusema tunaumwa, ulivyotugawia sahani yako. Nikaanza, nikamtaja Mjomba. Basi yule wakili wako mwenye viatu vya kung'aa akasimama, akacheka, akasema, "Mheshimiwa, huyo mjomba ni wa kwenye hadithi." Hakimu akakugeukia. Ukasema, "Hakuna Mjomba."

Ulisema hivyo huku unanitazama. Mimi niliyevunjwa kidole na huyo ambaye hayupo.

Nikasikia masikio yanawaka. Wakili wa serikali aliponiuliza kama niliwahi kujaribu kutoroka, nikasimulia habari za dirisha. Nikasema nilikuwa nimeshatoa nusu ya mwili nje, na wewe ndiye uliyenivuta miguu ukanirudisha ndani. Nikasema ulikuwa na nguvu kama mwanamume. Yote ni kweli. Sikusema kwamba baadaye ulinifuta damu, ukamdanganya Mjomba kwamba nimeanguka bafuni ili asinipige. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikutaka kusema. Nilitaka uumie.

Kwa hiyo unampenda. Miaka yote ile nilidhani unamwogopa, kumbe unampenda. Haya, fungwa kwa ajili yake. Atakuja kukutembelea, kama kweli yupo.

Usijibu.

Chiriku

*

Gereza la Wanawake
21 Agosti

Chiriku,

Miaka kumi na minne. Nadhani umeshasikia. Hukumu imetoka, hakuna kesi tena ya kugusa, kwa hiyo sharti la mwalimu halinibani.

Nina mtoto.

Wa kike. Nilimzaa katika nyumba ile, kwenye chumba ulichokuja kulala wewe. Baba yake usiniulize, mimi mwenyewe sijiulizi. Alipoacha kunyonya, Mjomba alimchukua akampeleka kwa mama yake yeye mwenyewe, akasema nyumba ile si mahali pa kulelea mtoto. Ndilo neno la kweli pekee nililowahi kumsikia akisema. Wiki ileile akanipa funguo. Hakuhitaji kunieleza. Nilielewa kwamba siku nitakapofungua mlango, sitamwona mwanangu tena.

Yuko mji ule ambapo treni ya abiria inaishia. Bibi huyo ana mashine ya kusaga nafaka nyuma ya stesheni, watu wanamwita Bibi Mashine. Naambiwa mwanangu anarudi kutoka shule akiwa mweusi, anacheza hapo mlangoni hadi jioni anakuwa mweupe kwa unga. Sijawahi kuona kwa macho yangu, lakini hilo nimelisikia mara nyingi hadi naliona.

Yule wakili mwenye viatu hakuwa wangu. Alitumwa na Mjomba, akaja siku ileile ya kwanza, kabla hata hujaniandikia. Akatoa picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Akasema, "Mjomba anakusalimia. Anasema mtoto anaendelea vizuri, na ataendelea." Chiriku, hilo neno la mwisho ndilo nililokuwa nalitazama mahakamani nilipokutazama wewe.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hiyo nakuomba, haya yabaki kwako. Ukimwambia Inspekta, watakwenda na ving'ora vyao, na watakapofika mtoto hatakuwepo.

Na kuhusu dirisha. Ulisema kweli, nilikuvuta. Chini pale ni saruji. Aliyekutangulia kitanda kile aliruka kupitia dirisha hilohilo, na mimi ndiye niliyemwosha. Nilipoona nyayo zako zinaning'inia ndani, sikuona mtu anayetoroka.

Sikumpenda. Nilitaka ujue hilo tu.

Dada yako

*

Kituo cha Polisi, Dawati la Kuzuia Biashara ya Watu
18 Septemba

Binti,

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu uliniomba nikueleze kila kitu bila kuruka, na kwenye simu nina kawaida ya kuruka.

Tulikwenda bila sare na bila king'ora, kama ulivyosihi ulipokuja ofisini. Tulifika asubuhi. Mimi na afisa ustawi tulipanga foleni ya kusaga tukiwa na ndoo za mahindi, na wanawake wa pale walitulalamikia kwamba mahindi yetu machafu. Mtu wetu alikuwa ndani kwa mama yake, anakunywa chai. Alikuwa amekwenda huko kupumzika baada ya hukumu ya dada yako, akiamini mambo yamekwisha. Hakukimbia. Aliniuliza kama anaweza kumalizia kikombe.

Mtoto alikuwa shuleni. Tulisubiri gari liondoke ndipo afisa ustawi akamfuata, kwa hiyo pingu hakuziona.

Yule bibi hakujua kazi ya mwanawe. Aliambiwa mtoto ni yatima wa mfanyakazi mmoja. Alipoelewa, alizima mashine, akakaa chini juu ya magunia. Mtoto anampenda sana. Tumeona abaki naye kwa sasa, ustawi wa jamii watamfuatilia.

Jambo moja hutalipenda. Mtoto ameambiwa tangu mdogo kwamba mama yake alikufa kwa homa.

Kuhusu dada yako, nimeandika taarifa kwa wakili wa serikali na rufaa itakatwa. Sitakupa matumaini ya bure. Alisema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya hakimu, kwamba nyumba ni yake, na ninyi nyote mlisema ni yeye aliyefunga mlango. Sheria niliyopewa ina pande mbili za korido tu. Yeye alitakiwa kusimama katikati, na katikati hapana mahali.

Inspekta

*

Nyumba ya Hifadhi
25 Septemba

Da'Mkubwa,

Nimesema. Uliniomba ninyamaze na mimi nikapanda basi asubuhi yake, nikaenda ofisini kwa Inspekta nikiwa bado na barua yako mfukoni. Sijui kusema samahani kwa jambo ambalo ningelirudia. Na wewe, uliyeficha kila kitu mbele ya hakimu, kwa nini ulinitajia treni, stesheni na mashine? Nimejiuliza sana. Mtu anayetaka siri ibaki hachori ramani. Au labda natafuta pa kujifichia.

Mjomba amekamatwa. Mtoto yupo salama, yuko kwa Bibi Mashine. Afisa ustawi alinionyesha picha yake. Ana mwanya wako, Da'Mkubwa. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia hadi mama mlezi akapunguza sauti, na mama mlezi huwa hapunguzi sauti.

Kuna jingine. Ameambiwa ulikufa kwa homa alipokuwa mdogo. Afisa ustawi anasema yupo tayari kumweleza ukweli polepole, na mshauri, ila wanataka neno lako kwanza. Niambie tumwambie nini.

Mdogo wako,
Chiriku

*

Chumba cha kupanga
3 Desemba

Da'Mkubwa,

Mwalimu anasema umeacha kuja darasani. Anasema barua zangu unazipokea, unaziweka chini ya godoro, na hujibu. Kama ndiyo adhabu yangu, nimeipokea. Lakini habari lazima uzipate.

Nimetoka hifadhi. Nimepanga chumba na msichana mwingine, mchana nashona kwa fundi mmoja mkali. Hajaniruhusu kudarizi. Napiga pindo za sare za shule kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mjomba amefungwa maisha. Nilimtolea ushahidi, na safari hii hakuna aliyesema ni wa kwenye hadithi. Alipovuliwa kofia, ni mtu mwenye upara tu. Nilitegemea nitafurahi. Nilirudi nikafua nguo.

Kwenye rufaa yako wamepunguza kifungo hadi miaka tisa. Inspekta alikuja kuniambia mwenyewe, akakaa kwenye kitanda changu bila kuvua viatu, akasahau hata kunywa maji niliyompa. Alisema majaji waliandika kwamba wanakuhurumia. Nilimuuliza huruma hiyo ni miaka mingapi. Akasema, "Mitano."

Sasa sikiliza. Nilikwenda kwa Bibi Mashine. Amekonda, mashine amemkodisha mtu, lakini mtoto anamtunza. Nilimweleza kila kitu kuhusu wewe. Akasema, "Mwanangu amemchukulia mwanawe. Nitampeleka amwone." Afisa ustawi ameruhusu, shule zikifungwa. Nitawaleta mimi.

Ukinyamaza hata kwa hili, nitahesabu kwamba umekubali.

Chiriku

*

Gereza la Wanawake
17 Desemba

Chiriku,

Mlete. Ila asijue mimi ni nani.

Usinikasirikie, nisikilize. Nimelifikiria jambo hili tangu Septemba, ndiyo maana sikuandika. Mtoto yule alishalia kifo cha mama yake, akamaliza. Ana bibi. Bibi huyo amempoteza mwanawe, na amebakiwa na huyo mtoto tu. Leo nimwambie mimi hapa ndiye mama yako, halafu nini? Kengele ipigwe, yeye arudi nyumbani, mimi nirudi selo, na shuleni wamuulize mama yako anafanya kazi gani. Ndiye atakayekuwa amefungwa.

Nikitoka atakuwa msichana mkubwa. Siku hiyo nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama nje, na kama atataka kuondoka, ataondoka. Sasa hivi mwambieni anakuja kumsalimia mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na mama yake.

Na wewe acha kujitesa. Ulikosea kutonisikiliza au hukukosea, hata mimi sijui kwa nini niliitaja stesheni.

Dada yako

*

Gereza la Wanawake
11 Januari

Chiriku wangu,

Pole kwa kuzuiwa getini. Askari yule ni mgeni, hajui kwamba kitambulisho cha muda nacho ni kitambulisho. Kwa hiyo hukuona, na najua umekaa unajitafuna unataka kujua. Nitakueleza.

Bibi alikaa pembeni, akawa anatazama dirishani, nadhani kwa makusudi. Mtoto alikaa mbele yangu. Ni mrefu. Anazungumza huku anachezesha miguu chini ya benchi. Alinieleza habari za mwalimu wao wa hesabu anayesinzia darasani. Akaniuliza kama hapa tunalala wengi. Nikamwambia wengi, na mmoja anakoroma kama mashine ya kusaga. Akacheka, na kucheka kwake ni kwa mama yangu mimi, ambaye hata mimi nilishasahau jinsi alivyokuwa anacheka.

Akaniuliza, "Ni kweli ulimjua mama yangu?" Nikamwambia nilimjua. "Alikuwaje?" Nikamwambia alikuwa mrefu, ana kelele, na kupika hajui. Akafikiri kidogo, akasema, "Bibi anasema na mimi nina kelele." Nikamwambia huko ndiko ulikozitoa. Hapo nikaomba maji, askari akaniletea, nikanywa polepole hadi nikaweza tena.

Kengele ikapigwa. Aliaga vizuri, ana adabu, yule bibi amemlea. Mlangoni akageuka akapunga mkono, halafu akageuka kutazama paka.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nataka kukueleza alipoingia tu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia, na humu ndani sijamwambia mtu.

Aliingia, akasimama mbele yangu, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo, mama." Alisema kama anavyomwamkia mwanamke yeyote mkubwa njiani, sokoni, popote. Na mimi nikamjibu kama mtu mzima yeyote anavyomjibu mtoto wa mtu. Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Hakuna aliyegeuka kututazama.

Dada yako